Namna ya kuandaa siku ya wanawake wa teknolojia mtaani kwenu, na waondoke wameheshimiwa kweli

Mwaka wa kwanza tulikata keki. Keki kubwa ya zambarau imeandikwa Hongera Wanawake wa Teknolojia, tisheti zipo, maputo yapo mlangoni, na meza kuu wamekaa wageni rasmi watano, wanaume wote, kila mmoja akashika maiki akaongea kuhusu umuhimu wa mtoto wa kike, na wale dada sita ambao siku yenyewe ilikuwa yao muda wote huo walikuwa wanazunguka na trei za soda. Nilikuwepo, nilikuwa kwenye kamati, na mpaka tunakunja kiti cha mwisho hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa mbele za watu anafanya kazi gani. Mmoja wao usiku wa kuamkia siku ile alikesha ofisini anarudisha data za mishahara baada ya seva kugoma, watu zaidi ya mia walipata hela yao kwa sababu yake, na kwenye sherehe yake alikuwa anauliza nani hajapata Fanta.

Toka siku hiyo niliacha kuandaa vile. Sasa hivi mimi na wenzangu wachache hapa Tanga tunafanya siku ndogo ya watu thelathini mpaka hamsini, hatuna mfadhili mkubwa, na nimeulizwa sana na watu wa mikoa mingine tunafanyaje, kwaio naandika hapa yote ninayoyajua. Ninachoamini ni kimoja tu, kwamba mtu ameheshimiwa pale kazi yake imetajwa pamoja na jina lake. Ukisema wanawake wetu ni majembe, hujamtaja mtu yeyote. Ukisema fulani bint fulani alirudisha data za mishahara ya watu mia usiku wa Alhamisi, hapo sasa umemtaja.

Tarehe kwanza

Wengi wanakimbilia tarehe 8 Machi na mimi siwakatazi, ila siku hiyo kuna maandamano, kuna vitenge, kuna hotuba za kila idara, na mafundi wako watamezwa humo. Kuna siku mbili zinazofaa zaidi. Ya kwanza ni Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA ambayo shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, wanaiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi wa Aprili, ilianza 2011. Hii ni nzuri kama unataka kuhusisha wanafunzi, shida yake kwetu huku ni masika, mvua ikishuka saa nane mchana hupati mtu. Ya pili ni siku ya Ada Lovelace, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, inakuwa Jumanne ya pili ya Oktoba, iliyoanzishwa 2009 na Suw Charman-Anderson wa Uingereza kwa lengo hilohilo, kila mtu amtaje mwanamke mmoja wa sayansi au teknolojia anayemkubali. Hiyo ndo tunayoitumia sisi. Jumanne ya pili inaangukia kati ya tarehe 8 na 14, na 14 ni Siku ya Nyerere ambayo ni sikukuu ya taifa, kwaio mara nyingi unapata siku ya mapumziko karibu na hapo unaisogeza watu wanakuja bila kuomba ruhusa kazini. Form four wako karibu na mitihani, usiwategemee, chukua form two na form three.

Muda anza saa tisa, maliza kabla ya magharibi. Hili usilipuuze hata kidogo. Mwanamke mwenye watoto, mwenye mama mgonjwa nyumbani, anayepanda daladala mbili, ukimwekea shughuli ya saa mbili usiku umeshamwambia asije.

Kuwatafuta

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaandika barua kwa ofisi kubwa kuomba waletewe mwanamke wa IT, ofisi inaleta yule anayejua kuongea, na wale wenye kazi mikononi wanabaki walipo. Mimi natumia swali moja tu, naliuliza kwa walinzi, kwa makarani, kwa walimu, kwa wenye maduka: sistimu ikigoma hapa mnampigia nani? Alafu nasikiliza majina ya kike. Utashangaa yalivyo mengi. Hospitali utaambiwa kuna dada wa takwimu ndo anajua kuiamsha kompyuta ya mapokezi, stesheneri kuna mama anayewafungulia wanafunzi akaunti za maombi ya mkopo na chuo na anajua kila kosa ambalo ile fomu inaweza kukupa, shule ya sekondari kuna mwalimu wa hesabu aliyejifunza mwenyewe kutengeneza mfumo wa kutoa ripoti za wanafunzi kwa Excel na shule tatu za jirani zinautumia, kiwandani kuna fundi umeme aliyesomea VETA ambaye ndo anayepanga zile mashine zinazojiendesha. Wengine wenyewe watakuambia mimi sio mtu wa teknolojia bwana, mimi naokoaokoa tu. Usikubali hilo jibu, kaa chini muombe akuonyeshe hiyo okoaokoa.

Chukua wanne au watano, basi. Ukichukua ishirini utaishia kusoma orodha ya majina na hakuna atakayekumbukwa.

Nenda ukamwone anafanya

Usimhoji kwa simu. Nenda kazini kwake, ukae saa nzima, unyamaze, uangalie mikono.

Fundi simu mmoja pale Ngamiani, hapahapa Tanga, nilimkuta saa nne asubuhi, kibanda chake upana wake ni kama mlango na nusu, ana feni ndogo na taa ya mezani. Mbele yake kuna simu ya mteja haikubali chaji. Mafundi wengi wangetoa pini ya chaji waweke mpya, simu ikiendelea kugoma wanakuambia bodi imekufa. Yeye akachukua multimita, kile kipimo cha umeme, kwanza, akagusa sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hasemi kitu, alafu akaniambia pini nzima hii dada, umeme unafika hapa, hapa haufiki, akanionyesha kwa ncha ya kibano kitu kidogo kuliko punje ya ufuta. Akapaka dawa ya kulehemia, akakielekezea hewa ya moto huku mkono wa kushoto umeshika kibano hautingishiki, kikang'oka, akaenda kwenye kopo lake la bodi za simu mbovu akatafuta kinachofanana nacho, akakipandikiza, akasubiri bodi ipoe, akachomeka waya. Alama ya betri ikawaka. Alitumia dakika ishirini na tano, na yule mteja alikuwa ameshaambiwa sehemu mbili anunue simu nyingine.

Nikamuuliza umejifunzia wapi. Akasema kaka yake alimwachia kibanda alipoenda Dar, na miezi ya kwanza watu walikuwa wanakuja wanamuuliza fundi yuko wapi, nae amekaa palepale kwenye kiti cha fundi, bisibisi mkononi.

Sasa hiyo ndo habari ya kuandika. Ungempigia simu angekuambia natengeneza simu, ukaandika anatengeneza simu, ikaishia hapo.

Maswali ya kuuliza ni mepesi: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, ulikwama wapi, baada ya hapo nini kilibadilika kwa watu. Maswali ya kuacha nitayataja pia maana nimeyasikia mno. Unawezaje kugawa muda wa kazi na familia, mumeo anaichukuliaje kazi yako, unajisikiaje kuwa mwanamke peke yako. Mwenyewe akiyaleta sawa, ni maisha yake, msikilize kwa heshima zote. Ila ukianza nayo wewe, nusu saa itaisha na utakuwa hujajua hata anafanya nini.

Kuandika ukurasa wake

Kila mmoja muandikie ukurasa mmoja, sio zaidi. Kagua vitenzi. Kiswahili chetu cha sherehe kina maneno yanayokula kazi ya mtu bila mwenyewe kujua, na mabaya kuliko yote ni alisaidia, alishiriki, na alikuwa sehemu ya. Angalia hii: "Ni mwanamke shupavu, mchapakazi na mwenye kujituma ambaye ameshiriki katika kuboresha huduma za hospitali." Umeelewa amefanya nini? Mimi sijaelewa na niliiandika mwenyewe. Sasa ile ya pili: "Wagonjwa walikuwa wanapanga foleni mbili, moja ya kutafutiwa faili na moja ya kumuona daktari. Alipanga upya namba za mafaili, akazifunga kwenye mfumo wa mapokezi, foleni ya kwanza ikaisha."

Na ukimaliza, mpelekee asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Dada huyuhuyu wa hospitali nilimpelekea ukurasa wake, mimi nilikuwa nimeandika alisaidia kufunga mfumo, akaomba kalamu. Akakata alisaidia. Akaandika juu yake, kwa herufi ndogo nzuri, aliufunga. Akanirudishia karatasi akaniambia yule fundi wa Dar alikuja siku moja akaweka laptopu mezani akaondoka, wiki tatu zilizobaki nilikuwa mimi. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anarekebisha kosa kama ambavyo angerekebisha kosa kwenye kompyuta.

Hadithi za mbali, zisimulie kwa simu iliyopo mkononi

Watu wanapenda kusikia wa mbali pia na ni vizuri, hasa wanafunzi. Ila usiwasomee wasifu. Waambie kila mtu atoe simu yake mfukoni, alafu anza kuifungua kwa maneno.

Ile chipu ya ndani inayofikiri, kwenye karibu simu zote tunazotumia, imejengwa kwa ubunifu unaoitwa ARM. Aliyeandika seti ya maagizo ambayo chipu ya kwanza ya aina hiyo iliyaelewa ni Sophie Wilson, akiwa kampuni ya Acorn kule Cambridge, Uingereza, na Aprili 1985 chipu ikawashwa ikafanya kazi. Ramani inayomleta bodaboda mpaka mlangoni kwako inategemea setilaiti, na setilaiti haziwezi kukuambia upo wapi kama hujui umbo halisi la dunia, ambayo sio duara safi kama mpira, ina mabonde na vivimbe. Gladys West, mwanamke mweusi aliyezaliwa shambani Virginia mwaka 1930, alianza 1956 kwenye kituo cha jeshi la majini la Marekani pale Dahlgren, akakaa miaka 42, na hesabu za umbo la dunia alizoziendesha kwa kompyuta ni sehemu ya msingi wa GPS. Kikosi cha anga cha Marekani kilimpa heshima rasmi mwaka 2018, ana miaka 88. Hapo kwenye miaka 88 nyamaza kidogo uwaache watu wapige hesabu wenyewe.

Alafu M-Pesa, hapa ukumbi mzima unaamka. Mwaka 2005 Vodafone walimleta Nairobi Susie Lonie, Mwingereza, aje aifanye ile huduma itembee kwenye simu za kawaida za watu wa kawaida. Jaribio lilianza Oktoba mwaka huo, na lilikuwa la kulipa mikopo midogo tu, lakini watu wakaanza kulitumia kutumiana hela wao kwa wao, na yeye na wenzake walikuwa karibu vya kutosha kuliona hilo, wakabadilisha huduma ifuate watu walichokuwa wanafanya. Ikazinduliwa rasmi na Safaricom Machi 2007, mwaka uliofuata ikafika kwetu kupitia Vodacom.

Na usiache wa kwetu Afrika Mashariki, maana mtoto wa Tanga akisikia Cambridge tu anaona ni mambo ya mbali. Mwambie kuhusu Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 watu walikuwa wanauawa na habari hazitoki, Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh akatoa wazo la kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, akina Juliana Rotich na wenzao wakaingia, wakajenga haraka mfumo unaopokea meseji na kuzionyesha kwenye ramani, na jina wakaliweka la Kiswahili, Ushahidi, na mwaka 2010 tetemeko lilipopiga Haiti ukatumika mfumo huohuo kujua nani amefukiwa wapi. Mwaka huohuo wa 2010 Nairobi ikaanza AkiraChix, ya kina Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor Lungati, ya kuwafundisha wasichana kuandika programu, na huyo Angela baadae akawa mkurugenzi wa Ushahidi. Na mwaka huohuo Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka wakaja na M-Farm, mkulima alikuwa anatuma meseji anajua bei ya mazao sokoni kabla dalali hajamfikia. Hapa kwetu Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls Dar es Salaam mwaka 2013, klabu za wasichana za kutengeneza apu na tovuti mashuleni. Faraja Nyalandu nae akatuletea Shule Direct, masomo ya sekondari kwenye mtandao. Wengi ukumbini wameitumia na hawakujua ni kazi ya nani.

Waya wa sentimita 30

Hiki kipengele ndo ninachokipenda kuliko vyote na kina gharama ndogo sana. Nunua waya mwembamba wa umeme, ule wa bei ya chini kabisa, ukate vipande vya sentimita 30. Watu 40 wanahitaji mita 12. Mpe kila mtu kipande akiingia, usimwambie ni cha nini.

Katikati ya shughuli uliza: hicho mkononi ni nini? Watasema waya. Waambie hiyo ni nanosekunde. Grace Hopper alikuwa mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1952 alikuwa ameshatengeneza programu inayotafsiri maagizo ya binadamu kuwa ya mashine wakati wenzake wanamwambia kompyuta haiwezi hilo, na kazi yake ndo msingi wa COBOL, lugha ya kuandikia programu ya mwaka 1959 ambayo mpaka leo iko kwenye mifumo ya mabenki. Alikuwa anachoshwa na watu kumwambia nanosekunde, yaani sekunde moja uigawe mara bilioni, bila kujua wanasema nini, na majenerali walikuwa wanamuuliza kwanini ujumbe wa setilaiti unachelewa. Basi akaagiza wamkatie waya wenye urefu ambao umeme hauwezi kuupita ndani ya nanosekunde moja. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde na umeme hauwezi kuuzidi mwanga, gawanya kwa bilioni, unapata sentimita 30. Akawa anagawa vipande vya waya kwenye mihadhara yake. Kwa setilaiti iliyoko kilomita kama 36,000 juu, alikuwa anawaambia kuna nanosekunde nyingi sana kati yako na ile.

Waambie wanafunzi waunganishe waya zao zote mpaka waone ukuta kwa ukuta ni nanosekunde ngapi. Ukumbi wetu ulitoka thelathini na moja. Mtoto mmoja wa form two, mfupi, mkimya, akauliza kwaio ndo maana wanazidi kuvifanya vitu vya kwenye simu viwe vidogo, ili umeme usitembee mbali? Ndio. Hiyo ni sababu mojawapo. Yule mwalimu wake alisimama kabisa.

Siku yenyewe

Ondoa meza kuu. Weka meza nne au tano za kawaida, kila mwanamke na meza yake na vifaa vyake, watu wazunguke. Fundi simu afungue simu mbele ya watu na kama unaweza weka kamera ya simu juu ya mikono yake ionekane ukutani kwa projekta, mama wa stesheneri aonyeshe yale makosa ya fomu na yanavyotatuliwa (kwetu foleni ya meza yake haikuisha mpaka tukafunga geti), fundi wa kiwandani alete hata kipande kimoja cha mashine. Kila mmoja asome au asomewe ule ukurasa wake, dakika tano. Mgeni rasmi ukilazimika kumwita, na wakati mwingine utalazimika maana ukumbi ni wa halmashauri, mpe kazi ya kusoma ukurasa wa mmoja wao kwa sauti. Nimeijaribu hiyo mara mbili na imefaa, kiongozi anasoma neno kwa neno kazi ya mtu, anaishia kumwangalia vizuri usoni na kumpa mkono anajua anampongeza kwa lipi.

Chai na maandazi waandae wanaume, wapeleke wao, waoshe wao vikombe. Liweke kwenye ratiba na majina kabisa, sio uombe siku ileile maana siku ileile utaona kina dada wameshanyanyuka. Wanaume wetu hapa walilipokea vizuri sana na kuna kaka mmoja wa bandarini ameshajitwalia kitengo cha chai moja kwa moja.

Nauli wape wote unaowaalika kuonyesha kazi, na yule wa kibandani mfidie saa alizofunga, hata kidogo, kwasababu akifunga kibanda hapati cha kula. Zawadi mimi siwapi kanga wala seti ya vikombe. Nawauliza mapema unakosa kifaa gani. Fundi alitaka kibano kizuri na kioo cha kukuza, mwalimu alitaka flashi kubwa. Vyeti ni sawa, ila kwenye cheti andika kazi aliyofanya, usiandike "kwa mchango wake".

Picha

Nisomeni hapa taratibu. Februari 1946 kule Philadelphia walizindua ENIAC, kompyuta ya tani 30 yenye vali za kielektroniki, mirija ya kioo kama balbu, zipatazo 18,000. Walioipanga ifanye hesabu walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakupewa kitabu cha maelekezo, hakikuwepo, walijifunza mashine kwa kusoma michoro ya nyaya zake. Siku ya maonyesho mashine ilipiga hesabu ya njia ya kombora haraka kuliko kombora lenyewe linavyoruka, na hesabu hiyo Betty Jennings na Betty Snyder ndo walioipanga. Usiku kukawa na dhifa, wao hawakualikwa. Walipigwa picha, ndio, wamesimama kabisa na mashine. Majina hayakuandikwa. Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja, Kathy Kleiman, akaziona zile picha akauliza hawa wanawake ni nani, akajibiwa ni wanamitindo tu, waliwekwa wapendezeshe, kama wale wa matangazo ya mafriji. Hakuamini, akawatafuta mpaka akawapata. Mwaka 1997, nusu karne baadae, ndo wakaingizwa wote sita kwenye orodha ya heshima ya wanawake wa teknolojia.

Hata Ada Lovelace mwenyewe, yale maelezo yake ya 1843 kuhusu mashine ya kukokotoa aliyoibuni Charles Babbage, yenye zile hatua za kukokotoa namba za Bernoulli ambazo wengi wanaziita programu ya kwanza ya kompyuta, yalichapishwa chini ya herufi tatu tu, A.A.L.

Kwaio picha isitoke kwenye grupu bila majina. Toka kushoto kwenda kulia, jina kamili, na kazi aliyofanya, sio cheo. Andika ndani ya picha yenyewe chini, kwasababu ukiandika kwenye meseji mtu akiifowadi maneno yanabaki nyuma. Na kabla ya hapo muulize kila mmoja anataka ionekane wapi. Wapo wanaokubali ukutani lakini hawataki mtandaoni, na wana sababu, ukirusha picha ya binti na namba yake ya biashara usiku huohuo anaanza kupigiwa na watu wasio na simu mbovu. Namba zao usiweke.

Baada ya hapo

Ndani ya wiki moja fanya mambo matatu. Tuma ukurasa wa kila mmoja kwenye WhatsApp yake kama faili, sio picha, aweze kuutumia akiomba kazi au tenda. Kwa aliyeajiriwa, peleka nakala kwa mwajiri wake na barua fupi ya kuomba iwekwe kwenye faili lake, maana kupandishwa cheo kunaamuliwa na kilichomo kwenye faili na makofi hayaingii humo. Mwalimu wetu wa hesabu alipelekewa ya kwake na mkuu wa shule akaisoma mstarini asubuhi. Na kama kuna kijana anajua, andikeni makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu mmoja wa wale wanaojulikana, tukafanya hivyo jioni moja watu wanne na bando la mtu mmoja.

Alafu chapisha nakala moja ya ziada, karatasi nzuri, uipeleke nyumbani kwao. Ile ya fundi wa Ngamiani niliipeleka mwenyewe kwa mama yake, nikamkuta anachambua mchicha barazani, nikamwamkia, akanikaribisha nikakaa. Akaniambia yeye alikuwa anajua mwanae anauza makava ya simu. Nikamsomea. Akaniambia rudia pale pa punje ya ufuta. Nikarudia. Akanyanyuka akafuta mikono, akaichukua karatasi, akaingia nayo ndani kwenye sanduku lenye hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa, nikasikia kufuli linafungwa.